Jina Lililofungwa kwa Uzi

Landrova ilikuwa imekwisha kuondoka, imekwisha kuupita msikiti na kukata kona ya duka la ushirika, ndipo Pazi Mwishehe alipoanza kuikimbiza. Mtu wa miaka sitini na mbili, takataka za randa zimemjaa ndevuni, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, anakimbia katikati ya njia huku ameinua mkono.

"Simama! We dereva! Bwana Rehani, simama!"

Barazani walikaa watu wanacheza bao. Mmoja wao, Kibwana, alikuwa mtani wake, na nafasi kama ile hakuweza kuiachia ipite.

"Mzee Pazi! Mchumba amekutoroka na kapu la nguo?"

Wakacheka. Gari likafika penye mikorosho, likawa dogo, likawa vumbi tu, na vumbi nalo likatua. Akarudi kwa mwendo wa mtu aliyechomwa na mwiba, akaiokota kandambili yake njiani, akaingia uani kwake.

Mkewe Mize alikuwa anachekecha unga, ule wa njano ambao watu waliupangia foleni tangu alfajiri mwaka ule wa sabini na nne, na ambao ukiusonga unakuwa mgumu kama udongo wa kukandika.

"Umesahau nini humo garini?"

"Sikusahau kitu."

"Basi unakimbilia nini, Baba Mwaija, mtu mzima, watoto wa mtaa wanakutazama?"

Pazi akafungua kiganja. Ilikuwa kadi nyeupe, ina tundu pembeni na kipande cha uzi uliokatika. Ilidondoka wakati wa kupakia, na gurudumu la nyuma likapita juu yake. Chini kulikuwa na maandishi ya kizungu. Juu kulikuwa na mstari mmoja wa Kiarabu, na juu ya mstari huo alama za tairi zimejipiga wazi wazi, kama mhuri.

Mize hakujua kusoma, ya kizungu wala ya Kiarabu. Lakini mstari ule aliujua, kwa sababu mumewe aliuchonga juu ya mlango wa chumba chao mwaka aliomwoa, na kila asubuhi alipoamka ndio aliouona kwanza. Akavuta kanga akafunika kichwa.

"Bismillahi hiyo?"

"Ndiyo."

"Imekanyagwa?"

"Na gari zima, na marufaa zangu zote ndani yake."

Chekecheo la Mize likasimama hewani. Kisha akauliza swali ambalo Pazi alikuwa analikimbia tangu pale kwenye mikorosho.

"Ziko ngapi humo zilizoandikwa hivyo?"

"Leo zimekwenda hamsini na tisa. Na mwezi uliopita arobaini."

"Na wewe ndiye uliyeziandika."

"Mimi ndiye."

*

Pazi alikuwa mchongaji wa marufaa, vile viti vya kuwekea msahafu. Ubao mmoja wa mninga kutoka Kiwangwa, anaupasua katikati ya unene wake kwa msumeno mwembamba, anauachia kiungo katikati, na ukifunguliwa unasimama wenyewe kama mtu aliyekaa kupiga dua. Hauna msumari, hauna gundi. Ukikosea unywele mmoja ubao unakuwa kuni. Zamani kila chuo cha Kurani, kutoka Kaole hadi Saadani, kilikuwa na marufaa zake. Lakini marufaa haiozi upesi, na mtu akinunua moja amenunua ya wajukuu. Wateja walikwisha. Mapaa ya nyumba yake yalikuwa yanavuja, na Mize aliacha kupika vitumbua kwa sababu mchele na sukari vilikuwa havipatikani.

Ndipo akaja Bwana Rehani, mtu wa Dar es Salaam aliyevaa suti ya mikono mifupi, kutoka duka kubwa la kazi za mikono. Akaishika marufaa, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena kama mtoto.

"Mzee wangu, nitachukua kila mwezi. Arobaini, sitini, utakazoweza. Ila jambo moja. Siku hizi kitu hakiuzwi kwa kukitazama tu. Mgeni ametoka Ulaya, anaona mbao mbili zimekumbatiana. Atajuaje? Atadhani kiti cha mtoto kimevunjika. Lazima kila kitu kiwe na kadi: jina lake, mti wake, kazi yake, na nani aliyekichonga. Mgeni hanunui mti, ananunua habari."

Akaacha kadi tupu bunda zima, na karatasi ya mfano.

Mwandishi alikuwa Mwaija, binti yao, aliyemaliza darasa la saba mwaka uliopita na alikuwa amekaa tu nyumbani. Aliandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, herufi zimesimama kama askari. Pazi alikaa nyuma yake kwenye mkeka, anatazama. Skuli ya serikali hakuisoma. Alisoma chuo miaka saba, kwa ubao na wino, na mkono wake ulisifiwa. Sasa aliona jina lake linaandikwa mbele ya macho yake kwa herufi ambazo hakuzijua, na kadi ikawa inamzungumza kama mtu asiyekuwepo.

"Mbona kichwani mwa kadi pako wazi?" aliuliza.

"Ndivyo mfano ulivyo, baba."

"Hakuna maandishi yanayoanza bila jina la Mungu. Hata barua ya talaka ina Bismillahi. Lete kalamu yangu ya mwanzi."

Akatawadha, akakaa, akaandika. Kadi ya kwanza, ya pili, ya arobaini. Herufi ya mwisho, mim, aliivuta mkia mrefu, ukapinda kidogo ncha, kama alivyofundishwa na marehemu mwalimu wake. Kila kadi ilipokauka aliiinua akaitazama kwa mbali. Hakumwambia mtu, lakini ilimfurahisha kuliko kuchonga.

Na Rehani alipoziona alipiga makofi. "Hii ndiyo yenyewe, Mzee! Hii wageni watagombania!"

Hakuna aliyefikiri kadi itafanyiwa nini baada ya kusomwa. Nyumbani kwa Pazi karatasi yenye jina la Mungu haikutupwa. Iliwekwa juu ya kabati, mpaka zikawa nyingi, ndipo zikachomwa na majivu yakamwagwa baharini. Alidhani dunia nzima ina kabati.

*

Ijumaa iliyofuata, asubuhi, akabisha hodi Dija, muuza samaki wa kukaanga, na nyuma yake mdogo wake wa kiume, Mgeni, aliyekuwa mfagiaji kwenye hoteli moja ya ufukweni, upande wa Kunduchi.

"Shemeji Pazi, huyu bwana amekuja na kitu. Nikamwambia hicho usinionyeshe mimi, mwonyeshe mwenyewe."

Mgeni alikuwa na bahasha ya kaki. Hakuifungua. Alimkabidhi Pazi kwa mikono miwili, kama anayekabidhi sanda.

Zilikuwa kadi tano. Moja ilikunjwa mara nne, imebonyea.

"Hii niliikuta chini ya mguu wa meza," alisema Mgeni. "Meza ilikuwa inayumba, mzee. Mzungu akaikunja akaitia pale, ikatulia."

"Na hii?" Ilikuwa na shimo jeusi katikati, limekula herufi za mwanzo.

"Alizimia sigara."

"Na hizi?"

Mgeni akatazama chini. "Hizi mbili, ndoo ya taka. Na hiyo ya mwisho, mzee wangu... nisamehe. Nimeiosha."

Hakuna aliyeuliza iliokotwa wapi. Mize akageuza uso ukutani. Dija, ambaye mdomo wake hauna pazia, akasema, "Kusema kweli, Mama Mwaija, mimi sijamwambia mtu," na hapo wote wakajua kwamba mtaa mzima unajua.

Mchana Pazi alikwenda msikitini. Hakuna aliyemtukana. Watu wa pwani hawatukani msikitini. Ila aliposimama kwenye safu, mtu wa kulia kwake akakumbuka kwamba ana neno la kumwambia mwenzake wa safu ya mbele, akahama. Na wa kushoto akasogea kidogo, si sana, kiasi cha upana wa kadi. Walipotoka nje, Kibwana, yule mtani wake wa miaka yote, alimwamkia kwa adabu: "Umeshindaje, Mzee Pazi?" Hapo ndipo Pazi alipojua kwamba mambo yameharibika. Mtani akikuheshimu, umekwisha.

Akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Msabaha, mwenye chuo, ambaye walisoma pamoja utotoni, mkeka mmoja, bakora moja. Watoto walikuwa wanasoma kwa sauti, na misahafu yao imekaa juu ya marufaa za Pazi za zamani. Pazi akamwekea bahasha mbele.

Msabaha akazitazama moja moja. Kwenye ile iliyooshwa akachelewa.

"Nani aliyeandika?"

"Unaujua mkono wangu."

"Ulikuwa na udhu?"

"Kila nilipokaa kuandika."

"Basi uliliandika kwa heshima, ukalituma safari peke yake." Akazirudisha ndani ya bahasha. "Unajua mwenyewe. Karatasi hizi huchomwa majivu yakapelekwa baharini, au zikazikwa pasipokanyagwa. Zikusanye."

"Zote?"

"Sikusema nusu."

"Nyingine zimekwenda Ulaya, Msabaha. Zimepanda ndege."

Msabaha akawatazama watoto, akamtazama Pazi. Hakuwa mtu mbaya, na wala hakuwa anatania.

"Mimi nauli ya Ulaya sina ya kukupa," alisema. "Na fatwa nyingine pia sina."

*

Duka la Rehani, huko Dar es Salaam, lilikuwa na dirisha la kioo refu kuliko ukuta wa nyumba ya Pazi. Alifika kabla ya adhuhuri, kanzu yake imekunjamana kwa safari, kapu tupu mkononi. Ndani kulikuwa na muuzaji mmoja, Ashatu, mwanamke wa miaka thelathini hivi, nywele zake zimesimama kwa mtindo wa wakati ule.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti yangu. Namtaka Bwana Rehani."

"Umeleta vinyago?"

"Mimi si mtu wa vinyago. Mimi Pazi, wa Bagamoyo."

Ashatu akapiga makofi, uso ukafunguka. "Kumbe wewe ndiye Mzee Pazi wa kadi! Bwana Rehani, njoo umwone mzee wa kadi!"

Mzee wa kadi. Si mzee wa marufaa. Pazi akatazama huku na huku akizitafuta kazi zake, na hapo ndipo alipoona.

Kila kitu dukani kilikuwa na kadi. Mikeka ilikuwa na kadi. Ngoma, vinu, miiko, vikapu vya ukindu, vyote vina kadi. Kulikuwa na visahani vya mpingo vya kuzimia sigara, na kila kisahani kina kadi yake. Kulikuwa na kinyago cha mwanamke aliye uchi, na kadi inaning'inia kifuani pake. Na juu ya kila kadi, mstari uleule, mweusi, umenyooka, na mim ya mwisho ina mkia mrefu uliopinda ncha. Pazi akasogea karibu. Akatazama ya pili. Ya kumi. Mkia ulipinda mahali palepale. Mkono wa mtu haufanyi hivyo.

"Hizi sikuziandika mimi."

"Zimepigwa chapa, babu," alisema Ashatu. "Tulichukua kadi yako moja tukaipeleka kwa mpiga chapa. Imetoka safi, eh?"

Rehani alitoka ofisini akitabasamu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwita mzazi, akaagiza soda. Pazi hakuinywa. Alieleza polepole, kama mtu anayetembea na maji kichwani: habari ya gurudumu, ya mguu wa meza, ya sigara, ya bahasha. Ile iliyooshwa hakuitaja.

Tabasamu la Rehani likapungua.

"Mzee wangu, mimi pia Mwislamu. Sikuona ubaya. Nilisema, jina la Mungu linatembea duniani."

"Linatembea, ndiyo. Kwa miguu ya nani?"

"Sasa unataka tufanyeje?"

Pazi alikuwa amelifikiria hilo tangu basi lilipovuka Mto Mpiji. "Ondoeni huo mstari, andikeni mia saba themanini na sita. Ndiyo hesabu ya herufi zake. Watu wetu wataelewa, na karatasi ikianguka haina lawama."

Ashatu akaziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kikampenya vidoleni. "Babu! Wataona ndiyo bei! Mwiko shilingi mia saba themanini na sita!"

Rehani naye akacheka, na kwa nukta moja Pazi mwenyewe nusura acheke.

"Njoo uone," alisema Rehani. Akafungua mlango wa stoo. Kadi zilijaa katika maboksi, na pembeni makaratasi makubwa ambayo hayajakatwa yamepangwa mpaka kiunoni, kila karatasi ina Bismillahi kumi na mbili. "Karatasi hii iliombewa kibali mwaka mzima. Nikisema haifai, nitaulizwa na wakubwa. Nikizitupa..."

"Usizitupe!" Pazi alishtuka hata akaupiga mlango kwa kapu. "Zisitupwe!"

"Basi ndiyo hayo. Nikizitupa dhambi, nikizitumia dhambi. Nifanye nini?"

"Nipe mimi nizichome."

"Ni mali ya umma, Mzee. Nikikupa hata boksi moja nimekwisha."

Walisimama hapo mlangoni, wawili hao, kama watu wanaotazama kisima alimotumbukia mtoto.

"Na marufaa zangu?"

"Zako mpaka ziuzwe. Za mwezi uliopita zimekwisha, na za mwezi huu kumi na moja zimeshakwenda. Unaweza kuziondoa zilizobaki, utie dole gumba hapa. Lakini nikwambie ukweli, si vitisho. Ukiziondoa, mwezi ujao Landrova itapita kwako bila kusimama. Pangani kuna wachongaji wananiandikia barua."

Pazi akazifikiria mbao za mninga zilizolala uani zinangoja msumeno. Akamfikiria Mize na unga wa njano. Marufaa arobaini na nane hazibebeki na mtu mmoja, hata awe kijana. Akaomba mkasi.

Akakaa chini sakafuni, kanzu ameikusanya magotini, akaanza kukata uzi. Aliishika kila marufaa, akakata, akaiweka kadi kapuni. Waliingia wageni wawili, mume na mke. Wakasimama kumtazama, mume akatoa kamera akampiga picha. Pazi hakuinua uso. Kadi ya arobaini na nane ilipoingia kapuni akaurudisha mkasi.

"Ziuzeni hivihivi," alimwambia Rehani. "Bila kadi. Anayeijua marufaa ataijua."

"Sawa, Mzee wangu. Nitajitahidi," alisema Rehani, na pengine wakati anasema alikuwa anakusudia kweli.

Pazi akavuka barabara, akanywa maji kwenye bomba la nje ya jengo la jirani, akanawa uso. Alipogeuka aliona ndani kupitia kile kioo kirefu. Ashatu alikuwa amechuchumaa pale alipokuwa amekaa yeye. Pembeni yake boksi, mdomoni nyuzi. Anachukua marufaa, anafunga kadi mpya. Anachukua nyingine, anafunga.

Macho yao yakakutana. Ashatu akaweka chini aliyokuwa nayo, akatoka, akavuka barabara mbiombio.

"Babu, nimeambiwa. Nina watoto watatu."

"Sikusema neno, binti yangu."

"Nimetawadha," alisema Ashatu, na mikono yake kweli ilikuwa bado ina maji. "Kabla sijazigusa nimetawadha. Nilitaka ujue."

Pazi akatikisa kichwa mara nyingi. Alitaka kumwambia kitu kizuri, hakikuja. Akasema tu, "Mungu akuwekee wanao," akaelekea kituo cha mabasi.

*

Zilichomwa uani, ndani ya chungu kilichotoboka, alasiri ya siku ya pili. Kadi arobaini na nane, na tano za bahasha, na ile ya tairi. Mwaija alikuwa anampa baba yake moja moja.

"Baba, hapa chini hakuna jina la Mungu. Ni maneno yangu tu. Hatuwezi kukata juu, chini tukaacha?"

"Ya nini?"

"Sijui. Sijaandika kitu kingine tangu niache skuli."

Pazi akafikiri. Akachukua patasi, akaiweka kadi moja juu ya gogo, akaikata sawasawa, sehemu ya juu akaitia motoni, ya chini akampa.

"Inasemaje?"

"'Marufaa. Mti wa mninga. Ubao mmoja usio na msumari. Hutumika kuwekea kitabu kitukufu kisiguse chini. Imechongwa na Pazi Mwishehe, Bagamoyo.'"

"Kisiguse chini?"

"Ndivyo nilivyoandika, baba. Kwenye zote."

Pazi akautazama moto mpaka ukazimika. Mize alikuja na kata, akakoroga majivu ili pasibaki herufi, akayachota.

"Na Landrova?" aliuliza.

"Ikija mwambie Rehani sipo."

"Nimwambie uko wapi?"

Pazi alikuwa anahesabu kwa vidole: arobaini za mwezi ule, ametoa tano. Sitini za mwezi huu, ametoa arobaini na tisa. Na za chapa ambazo hazina hesabu. Alipofika kwa za chapa akaviacha vidole vikakaa wazi.

"Sogea," alisema Mize. "Nipeleke haya majivu, maji yasije yakakupwa."

*

Landrova ilikuja mara mbili zaidi, Mize akasema mumewe hayupo, na Pazi akakaa chumbani kwake, chini ya ule mstari wa mlangoni, anasikiliza injini. Mara ya tatu haikusimama.

Hakuchonga marufaa tena. Alichonga mbuzi za nazi na miiko kwa majirani, kwa bei ya majirani. Mgeni aliendelea kumletea bahasha kila Ijumaa mpaka alipoachishwa kazi hotelini, na Pazi aliendelea kuchoma. Baadaye akawa anakwenda Dar es Salaam mwenyewe kila akipata nauli, anatembea kandokando ya barabara za maduka huku ameinama. Watu wa huko walimjua kama mwendawazimu mpole. Alifariki mwaka sabini na saba, kwa homa, nyumba ikiwa bado inavuja. Kibwana alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza, na hakufanya utani ambao watani hufanya mazikoni.

Mwaija aliolewa Mbegani na akapata kazi ya kuandika majina ya wanafunzi kwenye chuo cha uvuvi. Nusu ya kadi aliyopewa iliibiwa pamoja na mkoba wake. Dija aliendelea na samaki. Rehani alihamishiwa mkoa mwingine, huko akapandishwa cheo. Ashatu alibaki dukani mpaka lilipofungwa, miaka miwili baada ya Pazi kufa. Vinyago viligawanywa, na makaratasi ambayo hayakukatwa yakauzwa kwa kilo, kwa sababu wakati ule karatasi ilikuwa adimu kuliko nguo.

Mwaka uliofuata Mize alikwenda duka la mtaani kwao kununua karanga. Mwenye duka akavuta karatasi kutoka kwenye furushi, akaikunja pembe, akamimina. Mize alikuwa hajajua kusoma, lakini mkia ule aliujua. Akamwaga karanga kwenye upindo wa kanga, akaikunjua karatasi, akahesabu: kumi na mbili. Akamuuliza mwenye duka amebakiwa na nyingine ngapi. Mwenye duka akamwonyesha furushi. Lilikuwa limemfika kiunoni. Mize alikuwa ameleta senti za karanga tu.